Hema Lililopita Mtihani

"Dakika ya sita," nilisema kwa sauti kutoka ndani ya hema. "Sasa hamia upande wa zipu."

Povu hakunisikia. Mashine yake ya kuoshea magari ilikuwa inanguruma, na maji yalikuwa yanaupiga ukuta wa hema kama kokoto zinazomwagwa juu ya bati. Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya magazeti ya zamani niliyoyatandaza sakafuni, tochi mkononi, nikikagua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Gazeti ni shahidi mzuri. Tone likidondoka, hata dogo kama kichwa cha pini, karatasi hubadilika rangi palepale na haiwezi kukana.

Niligonga ukuta mara mbili kwa kiganja, Povu akahama. Maji yakaja zipuni. Nilihesabu mpaka dakika kumi, nikatoa mkono nje kumwashiria azime.

"Vipi, mzee?" aliuliza nilipotoka kwa magoti. "Umekutana na samaki?"

"Pakavu."

"Basi chukua hilo nami nirudi kwa wateja wangu. Kuna dereva pale, gari lake lina matope mpaka kwenye vioo, ananitazama kama mimi ndiye niliyemmwagia."

"Bado la tatu."

"Mzee, unatafuta hema au unatafuta meli?"

Tulikuwa uani kwake, ambako kumepakana na karakana yangu. Mimi ni fundi wa turubai. Nashona vifuniko vya malori, mapaa ya vibanda na mahema makubwa ya shughuli. Sikufundishwa na mtu; nilianza kwa kufumua kazi za wengine nione walivyozishona, kisha nikajaribu kuzirudisha zilivyokuwa. Lakini mahema haya matatu hayakuwa kazi ya mikono yangu. Nilikuwa nimeyaazima kwa mwenye duka mmoja ninayemshonea vifuniko, kwa ahadi kwamba kesho jioni ningemrudishia mawili yakiwa makavu, bila mkwaruzo. Moja lingebaki, na kesho kutwa alfajiri lingepanda mlimani na binti yangu.

Binti yangu yuko idara ya maji. Mvua kubwa zikianza, hupanda mlima kwa pikipiki kusoma vipima mvua saba, kimoja juu ya kingine, mpaka karibu na ukungu wa kileleni. Gari halifiki huko. Pikipiki hufika kwa kubembelezwa. Hulala njiani usiku nne, wakati mwingine tano, na kila akisoma kipimo hutuma namba zake chini kwa redio. Namba za kipimo cha saba zikikosekana, watu wa bondeni hawajui kama wahame au walale.

Hema la mwaka jana nilimchagulia mimi. Nilikagua mishono yote, nikaongeza viraka vinne kwenye pembe zinazobeba kamba, nikapaka nta juu ya kila tundu la sindano. Usiku wa tatu maji yaliingia. Alilala na nguo zilizolowa katika upepo wa kule juu, na kulipokucha akapanda pikipiki hivyo hivyo, kwani hapakuwa na njia nyingine ya kurudi. Alikaa hospitali siku kumi na tisa. Pafu la kushoto, walituambia, halitakuwa tena kama zamani.

Hakuna aliyenilaumu. Mke wangu alirudi kazini, binti yangu alirudi kazini, na mimi nilikaa na lawama yangu peke yangu, kama mtu aliyepewa mzigo wa kushika na mwenyewe hakurudi kuuchukua.

Hema la kwanza kati ya haya matatu lilikuwa limeshaanguka mtihani asubuhi. Ni refu, mtu anasimama ndani, na mbele lina kibaraza cha kuegeshea pikipiki. Kwa macho ni zuri. Maji ya Povu yalipita zipuni kama mgeni aliyealikwa. Hilo nililotoka ndani yake sasa, la pili, lilikuwa la kitambaa kizito cha rangi ya tope, lenye fito nne za alumini. La tatu lilikuwa jepesi na la chini kama kobe, na kitambaa chake kilikuwa chembamba kiasi kwamba ukiweka mkono nyuma yake unaona vidole.

Povu aliwasha mashine. Niliingia kwa kutambaa, nikalala, nikahesabu. Dakika kumi. Pakavu pia.

Nilipokuwa nakunja magazeti, nilisikia pikipiki ikizimwa, halafu kikohozi. Kimoja, kimya, kisha viwili vya kufuatana. Sipendi kuvihesabu, ila navihesabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

"Wameniachia nikajiandae." Alivua kofia ngumu, akaitundika kwenye kioo cha pikipiki. "Habari, Povu. Bado unamwogesha baba?"

"Injinia, baba yako ataniua kwa maji haya."

"Wewe? Povu halizami, huelea tu."

Povu alicheka, akavuta mpira wake wa maji kuelekea kwa yule dereva wa matope. Binti yangu si injinia, lakini Povu alimpa cheo hicho siku alipomwona anafungua injini ya pikipiki yake mwenyewe, na hajawahi kumpokonya.

Binti yangu alilichukua hema la pili, akalifunga kwenye keria kwa kamba za mpira, akapanda na kuitikisa pikipiki kushoto na kulia. Alikunja uso.

"Hili ni kama kumpakia shangazi."

"Shangazi yupi?"

"Yule asiyekubali kushuka kwenye kilima." Akaitikisa tena. "Uzito ukikaa nyuma kwenye tope, gurudumu la mbele linakosa adabu. Napenda lile dogo, baba. Hata halijulikani kama lipo."

"Ni jembamba."

"Si limepita?"

Lilikuwa limepita. Nilikuwa na mahema mawili makavu na sikuwa na sababu ya kulikataa hata moja, lakini moyo wangu haukutulia.

Tuliyaingiza karakanani. Mke wangu alikuwa mezani kwake, anapigilia vijicho vya chuma pembeni mwa kifuniko cha lori, vile ambamo kamba hupita. Hiyo ni kazi yake kwa miaka ishirini na sita. Nyundo yake ina mapigo matatu kwa kila kijicho. Ukisikia manne, ujue ana jambo. Siku ile nilikuwa nimesikia manne tangu asubuhi.

"Yamebaki mawili," nilimwambia. "Yote makavu."

Alipiga kijicho kimoja, akaweka nyundo chini.

"Mume wangu, la mwaka jana si nalo ulilimwagia maji?"

"Nililimwagia."

"Kwa mashine hii hii ya Povu?"

"Hii hii."

"Na gazeti likawa kavu."

"Likawa kavu."

"Basi mimi mwenzenu sielewi. Mwanafunzi amefaulu mtihani, kafika kazini kaua mtu. Na nyinyi mnaleta wengine wawili mnawapa mtihani ule ule."

Alionyesha kwa kidevu juu ya kabati la nyuzi.

"Liko pale. Tangu mtoto atoke hospitali hujaligusa."

Alisema kweli. Nilikuwa nimelipandisha juu ya kabati likiwa ndani ya mfuko wake, na kila nilipochukua uzi niliinamisha macho. Niliogopa kukuta mshono wangu umeachia. Mimi, ambaye nilijifunza kazi kwa kufumua makosa ya wengine, sikuweza kufungua kamba moja ya mfuko nione la kwangu.

"Achana nalo, mama," binti yangu alisema haraka. Alikuwa amesimama mlangoni, anafuta grisi mikononi ambayo sikuiona. "Limeshaoza lile. Ya kale hayanuki."

Mke wangu alivuta stuli, akapanda, akashusha mfuko na kuufungua juu ya meza yangu. Harufu ya ukungu ilijaa chumba kizima.

"Hili linanuka," alisema.

Nilivuta kiti. Nilipoanza, nilianza kama ninavyoanza kila kazi, kutoka pembe ya kushoto kwenda kulia. Viraka vyote vinne vilikuwa mahali pake. Uzi haukuwa umekatika hata mahali pamoja. Niliukunja mshono wa kwanza uwe kama kikombe, mke wangu akamimina maji ndani, tukasubiri. Chini yake mkono wangu ulibaki mkavu. Mshono wa pili, vivyo hivyo. Tulifanya minane. Ningepaswa kufurahi. Lakini maji hayaingii kwa mshono mzima, na mwanangu alilowa. Basi yaliingia wapi?

"Liinue," nilisema. "Shika huku, mimi nishike kule."

Tulilinyanyua mbele ya dirisha. Jua la alasiri lilikuwa bado lina nguvu, nalo likapita kwenye kitambaa kwa vitone. Vilikuwa vingi, vidogo, vimepangwa. Kila baada ya upana wa vidole vitatu kilikuwepo kimoja, tena kingine, tena kingine, katika mstari uliokwenda mshazari kutoka ubavuni hadi juu ya paa. Kwa mbali ungesema ni mshono uliong'olewa uzi.

"Panya?" mke wangu aliuliza.

"Panya hana rula."

Nilivihesabu, vilikuwa thelathini na kitu. Halafu niliona fito za hema lile, zilizotoka mfukoni pamoja nalo, zimeegemea meza, zile za alumini ambazo huachana vipandevipande na kuunganika kwa vikono, vibomba vifupi vya kuungia. Zikiwa zimefungwa pamoja, kuzunguka kifurushi kila baada ya vidole vitatu kulikuwa na kikono kilichotokeza. Nililaza kifurushi cha fito ukingoni mwa kitambaa nikaanza kuviringisha. Mzunguko wa kwanza, kila tundu likakaa juu ya kikono. Wa pili, kila tundu likakaa juu ya kikono. Nilipomaliza kuviringisha, hapakuwa na tundu lililokosa mahali.

Nilikaa vile, hema likiwa limezungushwa kwenye fito zake mikononi mwangu, vizuri, limekazwa, bila mkunjo. Hivyo ndivyo linavyofungwa turubai katika karakana hii. Turubai halikunjwi, likikunjwa, dawa yake ya kuzuia maji hupasuka penye mkunjo, na penye ufa ndipo maji huanza. Huviringishwa kwenye mti wake. Nilimfundisha binti yangu hivyo akiwa hajafikia urefu wa meza hii. Nilikuwa nikimwambia, "Asiyejua kuviringisha asishone." Akikosea, namfumulia, anaanza upya.

Turubai ni nene kama ulimi wa ng'ombe. Hilo hema lilikuwa kitambaa cha hariri bandia. Na nilikuwa nimeliweka nyuma ya pikipiki, likatikiswa siku tatu kwenye njia ya mawe, chuma kikilisugua palepale, palepale, kabla ya tone moja la mvua. Mimi nililipima kwa maji. Sikulipima kwa safari.

"Njoo hapa, mwanangu," nilisema.

Alikuja. Alitazama mikono yangu na wala hakuuliza ni nini. Hapo nilijua.

"Uliyaona," nilisema.

"Niliyaona usiku ule ule. Nilimulika tochi. Nikaziba kwa plasta za sanduku la dawa mpaka zikaisha."

"Na ulijua ni fito."

"Nilijua asubuhi, wakati nalifunga tena." Aligusa kikono kimoja kwa kidole. "Nililiviringisha tena hivyo hivyo, baba. Mikono ilikwenda yenyewe. Halafu nikasimama nikaitazama."

Mke wangu alikaa kwenye stuli aliyopandia.

"Siku kumi na tisa nimekaa kando ya kitanda chako," alisema polepole. "Nakuuliza nini kiliingiza maji, unaniambia mvua ilikuwa kubwa."

"Ilikuwa kubwa, mama."

"Sikuulizi ukubwa wake."

"Ningesemaje? Alikuwa anakuja pale kila siku, anasimama kwenye miguu ya kitanda, anashika mashuka anakagua pindo kama yeye ndiye aliyeyashona. Ningemwambia ni mkono wako, baba? Ule ule ulionifundisha?"

"Ungeniambia," nilisema.

"Na wewe ungefungua mfuko."

Alilisema bila ukali. Niliupima ule usemi, nikaona umenyooka. Mwaka mzima sisi wawili tulikuwa tunapita chini ya kabati lile, kila mtu akimlinda mwenzake kwa jambo lile lile, na kesho kutwa angeondoka na hema lingine jembamba zaidi, limeviringishwa vizuri kwenye fito zake.

Alikohoa. Safari hii vitatu.

Nilirudi kwenye kazi. Kila hema jipya huja na kipande kidogo cha kitambaa chake kwa ajili ya kiraka. Nilivitoa viwili, cha hema la pili na cha la tatu, nikavigongomea juu ya ubao, nikanyunyiza mchanga mkavu. Nilichukua ufito wa hema la zamani, nikaanza kusugua kwa kikono chake, mbele na nyuma, huku binti yangu anahesabu. Kitambaa cha hema jepesi kilitoboka, ubao ukaonekana, kwenye msuguo wa arobaini na moja. Kile kizito kilifika mia tatu kikiwa kimechubuka manyoya tu.

"Shangazi," binti yangu alisema.

"Shangazi."

"Sitampandisha, baba. Pale kwenye kipimo cha tano njia ina upana wa mkeka, na upande mmoja ni hewa. Uzito ule ukinivuta nyuma nakwenda nao."

Basi tulikuwa na hema linaloweza kufika na hema linaloweza kufaa. Mke wangu alituangalia mmoja mmoja.

"Uzito wa hilo kubwa uko wapi?" aliuliza. "Kwenye nguo au kwenye mifupa?"

Hatukuwa tumejiuliza. Nilitoa fito zake nne na vigingi vyake, nikavitia kwenye mizani ya ndoano ninayopimia nyuzi. Karibu nusu ya mzigo ilikuwa mle. Binti yangu alizichukua fito, akatoka nazo nje, akazilaza ubavuni mwa pikipiki, chini, sambamba na mguu, upande usio na bomba la moshi. Akafunga kitambaa peke yake kwenye keria, akapanda, akatikisa.

"Kidogo amekubali kushuka," alisema.

"Kidogo ni kiasi gani?" mama yake aliuliza.

"Sijui, mama. Mpaka kwenye tope."

Nilipenda alivyojibu. Mwaka jana sisi sote tulijua.

Nilikata kipande cha turubai, kirefu kama mguu, nianze kushona mfuko wa fito wenye mikanda mitatu ya kufungia kwenye fremu. Nilipitisha mshono wa kwanza wa ubavuni kwa cherehani, mara mbili. Mke wangu aliacha kifuniko cha lori akaja na boksi la vijicho. Alipigilia viwili kwenye ukanda wa juu. Mapigo manne, manne.

"Kesho asubuhi," nilisema, "atalifunga hivi na kwenda barabara ya machimbo, mpaka mwisho, na kurudi. Mara tatu. Halafu ndipo Povu atie maji."

"Povu atahama mtaa," binti yangu alisema.

"Na mwenye duka?" mke wangu aliuliza. "Ulimwahidi bila mkwaruzo."

"Hili halirudi. Litakwaruzika likiwa letu."

"Na likivuja?"

Nje, mashine ya Povu ilizimwa, na kwa mara ya kwanza siku ile tulisikia kwa mbali ngurumo, upande wa mlima.

"Mimi simzuii," mke wangu alisema, macho kwenye nyundo. "Watu wa bondeni nao wana watoto. Lakini kesho sitaki gazeti. Kesho mimi ndiye nitakayelala humo ndani, na nguo ya kulalia, nusu saa, siyo dakika zenu kumi. Nikitoka nimelowa hata kisigino, fito nazivunja kwa nyundo hii, na idara ya maji waje waniulize mimi."

"Sawa, mama."

"Na wewe ukiona tundu, hata la sindano, unasema siku hiyo hiyo. Hata kama limetobolewa na huyu."

"Sawa."

Binti yangu alilichukua hema zito, akalitandaza sakafuni ili kulifunga kwa ajili ya asubuhi. Bila fito ndani, hakujua alizungushe kwenye nini. Nilimwona ananyoosha mkono kutafuta mti, hakuukuta, akabaki amepiga magoti, viganja juu ya kitambaa. Nilitaka kumwonyesha, kisha nikakumbuka kwamba hata mimi sijui. Alilikunja mara moja, akalifungua. Akalikunja tena kwa ulegevu, mahali tofauti, akalisukumia mfukoni konzi kwa konzi, kama mtu anayeshindilia nguo chafu, na akanitazama kuona kama nitamfumulia.

Sikumfumulia.

Mwanga ulikuwa umepungua dirishani, na mshono wa turubai jeusi haushoneki kwa kubahatisha. Mfuko wa fito ulikuwa umebaki mdomo na ukanda mmoja. Nilizungusha gurudumu la cherehani mpaka sindano ikashuka ndani ya kitambaa, nikaiacha hapo ishike mahali pake mpaka kesho.